Maji ya Sebuleni

Baraka, tarehe 12 Februari 2024

Kwa Madamu Kulthumu Nuhu, Msimamizi wa vituo vya maji, Kazimia
Kuhusu: Matokeo ya tathmini na kufungwa kwa vituo

Madamu,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya Kazimia haishiki, na kwa Kiswahili kwa sababu uliomba barua zisomwe mbele ya wanawake wa vituo. Sijui wanawake wa vituo watafanya nini na barua ya biro, yaani ofisi yetu ya Baraka, lakini nimekubali. Itakufikia kwa boti ya Alhamisi. Rudisha nakala yenye sahihi.

Programu yetu ya kuhamasisha watu wanywe maji yenye dawa imefikisha miaka saba. Miaka saba tumesema. Sasa wafadhili wanauliza kama kuna aliyesikia. Kama mkuu wa ufuatiliaji na tathmini, nilipaswa kuchagua njia ya kupima. Nakueleza nilivyochagua ili usije ukaniuliza baadaye.

Njia ya kwanza ni kuwauliza watu kama wanakunywa maji yenye dawa. Kila mtu atasema ndiyo akiona gile, kizibao cha programu. Niliitupa. Njia ya pili ni kuhesabu wagonjwa wa kipindupindu wanaolazwa. Lakini boti zinaleta wagonjwa wa vijiji vingine, na wachimba dhahabu wanateremka kutoka Misisi wakiwa wameugulia huko huko. Hesabu hiyo inapima barabara. Niliitupa pia. Njia ya tatu ni kuingia nyumbani, kuomba maji ya kunywa, kuyatia kwenye kichupa na kuongeza kidonge. Yakiingia wekundu, dawa imo. Yakibaki meupe, haimo. Kidonge hakina shemeji wala hakitafuti kazi. Hiyo ndiyo niliyoichagua.

Wachunguzi wangu wanne walipima nyumba sitini za Kazimia mwezi wa kwanza. Hamsini na tano zilikuwa na dawa. Hiyo ni tisini na mbili kwa mia, na lengo lilikuwa themanini.

Kwa hiyo Kazimia imehitimu. Vituo vyote vinne vya ufukweni, ambako wanawake wenu wanatia dawa katika bidoni, yale madumu ya wachotaji, vitafungwa tarehe 31 Machi. Watu waliokwisha kuelewa watatafuta dawa wenyewe. Nitumie orodha ya meza, miavuli na sindano za kupimia dawa, vifaa viende mahali ambapo bado watu hawajaelewa.

Hongera.

Pokea, Madamu, salamu zangu za kikazi.

Raphaël Asukulu
Mkuu wa Ufuatiliaji na Tathmini


Kazimia, tarehe 17 Februari 2024

Bwana Raphaël,

Barua imefika. Nakala yenye sahihi imo ndani. Hongera nakurudishia pia, sina pa kuiweka.

Uliyosema kuhusu njia ya kwanza ni kweli. Kuhusu ya pili pia ni kweli. Ya tatu ndiyo inayonishangaza, kwa mtu aliyezaliwa huku kwetu Fizi.

Wachunguzi wako niliwapokea mimi. Walishuka kwenye boti na gile mpya zenye mikunjo ya dukani. Walibisha hodi mlango wa mbele, wakaletewa viti, wakasema: "Tunaomba kuona maji ya kunywa." Mama wa nyumba akaenda kwenye meza ya sebuleni, akafunua kitambaa, akateka maji katika ndoo yenye kifuniko, akayaleta kwenye glasi juu ya sahani. Muulize yeyote kati ya hao wanne kama alipewa kikombe cha plastiki. Nyumba sitini, glasi sitini.

Hayo ni maji ya wageni, Bwana Raphaël. Yana dawa kwa sababu ni ya wageni. Nyuma, jikoni, kuna mtungi, au bidoni iliyokatwa mdomo, na humo ndimo wanamochota baba, watoto, na mama mwenyewe akitoka shambani. Ni maji ya ziwa kama yalivyotoka ziwani. Kipimo chako kimeonyesha kwamba Kazimia inajua kupokea mgeni. Nasikitika kwa zile nyumba tano.

Sababu haiko mbali. Vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi, kwa kuwa biro ya Baraka inafunguliwa saa moja. Wanawake wanachota maji saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kwenda shambani. Bidoni tatu, nne, bila dawa. Baadaye mtu wa nyumba anapeleka bidoni moja kituoni. Moja haitoshi watu wanane, ila inatosha sebule.

Mwezi huo huo wa kwanza, watu kumi na wanne wa hapa walilazwa na kipindupindu. Najua hutaki hesabu hiyo, lakini hawa siyo wa Misisi, nawajua kwa majina. Wawili wamekufa. Mmoja alikuwa mke wa Élie, fundi wa mitumbwi. Nyumba yake ni namba 31 katika orodha yako. Umeandika: dawa imo.

Naomba mambo mawili. Usifunge vituo. Na upime upya, kwa watu wanaoingia kwa mlango wa jikoni.

Kulthumu Nuhu


Baraka, tarehe 23 Februari 2024

Madamu,

Nina miaka kumi na mmoja katika kazi hii. Nimeona wasimamizi wakililia alama ndogo, nimeona wakinunulia wachunguzi soda. Msimamizi anayelalamika kwa sababu amefaulu sijapata kumwona. Nimeonyesha barua yako kwa wenzangu hapa biro. Tumecheka, halafu tumeelewa. Vituo vikifungwa, na kazi ya msimamizi wa vituo imekwisha. Ungeliandika hivyo katika mstari mmoja, ungetuokolea karatasi.

Sasa nijibu ya kitaalamu. Nyumba zilichaguliwa kwa kura. Vidonge havijapitwa na wakati. Wachunguzi wana diploma. Wewe unaniletea vitambaa na sahani. Habari ya vitambaa ni masimulizi, Madamu, na masimulizi hayana asilimia. Nyumba yenye maji yenye dawa inakunywa maji yenye dawa, maana hakuna mama atakayebeba maji mazuri kichwani kutoka ufukweni kwa ajili ya kuyatazama.

Kuhusu marehemu wa namba 31, poleni. Mtu anaweza kunywa popote.

Tena ufikirie jambo moja. Alama ya Kazimia ni alama yako. Tisini na mbili iko kwenye faili lako. Anayeomba ishuke anajiombea mwenyewe.

Orodha ya vifaa bado sijaipata.

Raphaël Asukulu


Kazimia, tarehe 2 Machi 2024

Bwana Raphaël,

Asilimia hii hapa.

Nyumba ni zile zile sitini, kwa namba zako zile zile. Wapimaji ni wanawake kumi na wawili wa mitaa hiyo hiyo. Wengine unawajua: Arlette, anayeongoza kwaya ya Waprotestanti, na Yasmina, muuza samaki wadogo wa ndagala. Hawana diploma. Wana kitu ambacho wachunguzi wako hawana: wakipita uani na kuingia jikoni, hakuna anayenyanyuka. Kila mmoja aliingia kama anavyoingia kila siku, kuomba moto au chumvi. Alipokuwa ndani alisema ana kiu, akapewa maji. Ndipo alipotoa kichupa, akaeleza, akaomba ruhusa ya kupima mtungi huo na ndoo ya sebuleni pia. Hakuna aliyekataa. Kadhaa walicheka.

Ndoo za sebuleni: wekundu hamsini na tano kati ya sitini. Sawa kabisa na wewe. Wachunguzi wako hawakukosea kitu ila mlango.

Mitungi ya jikoni: wekundu kumi na sita kati ya sitini. Ishirini na saba kwa mia.

Ili usiseme tena masimulizi, nakupa maneno kama Yasmina alivyoyaleta, nyumbani kwa mama Félicité, namba 12.

"Mama Félicité, nipe maji, koo inakauka."

"Kunywa hapo kwa mutungi. We uko na mikono."

"Na ile ya salon?"

"Ile ya salon ni ya bageni. We uko mugeni wa nani? Juzi ulibeba chumvi yangu, mpaka leo naingojea."

"Kwani mi nikiharisha haiko neno?"

"We ukiharisha utaharisha kwako. Mugeni akiharisha kwangu, Kazimia yote itanisema."

Umeandika kwamba hakuna mama atakayebeba maji mazuri kwa ajili ya kuyatazama. Umewaona wanawake wangapi wakibeba maji, na ulikuwa umekaa wapi?

Kuhusu kazi yangu: msimamizi anayetaka kubaki angelinyamaza na tisini na mbili yake, aende nayo kuomba kazi Uvira. Nimefikiri ulivyoniambia nifikiri. Bado naomba vituo visifungwe, na vifunguliwe saa kumi na nusu alfajiri.

Kulthumu Nuhu


Baraka, tarehe 7 Machi 2024

Kwa Madamu Kulthumu Nuhu
Kuhusu: Demande d'explication

Madamu,

Unaombwa kutoa maelezo kwa maandishi, katika muda wa saa arobaini na nane tangu kupokea barua hii, juu ya makosa yafuatayo:

Kufanya uchunguzi bila idhini ya biro.

Kutumia vidonge mia moja na ishirini bila karatasi ya kutolea.

Kuwatumia watu wasio na mafunzo, akiwemo muuza samaki.

Kuingia katika nyumba za watu kwa hila ya kuomba chumvi, kinyume na maadili ya programu.

Nakala ya barua hii imewekwa kwenye faili lako. Usipojibu, utahesabiwa kuwa umekubali.

Nje ya demande, naongeza maneno machache, ili usidhani nimeogopa hesabu yako. Mbinu yako ina jina moja tu, nalo ni umbeya. Majirani wamepeana habari, wewe ukaijumlisha. Ukweli ni kwamba baadhi ya familia zenu za ufukweni zimezoea mambo mawili mawili, la mbele na la nyuma. Usitupake matope wote. Mimi nina nyumba hapa Baraka, nina mke na watoto wanne, na kwangu kuna maji ya aina moja. Siyo kila nyumba ni jukwaa.

Orodha ya vifaa iambatane na majibu yako.

Raphaël Asukulu


Kazimia, tarehe 12 Machi 2024

Bwana Raphaël,

Demande nimeipokea jana saa nane mchana kwa boti. Najibu leo, niko ndani ya saa zako.

La kwanza: idhini niliiomba tarehe 17 Februari. Ulijibu kwamba mmecheka.

La pili: vidonge vilikuwa katika sanduku la kituo namba tatu. Karatasi nimeiandika leo, ipo ndani.

La tatu: muuza samaki huyo anapanga mafungu mia mbili kwa siku na hakosei. Wachunguzi wako waliandika Kazimia kwa herufi tofauti katika kurasa mbili.

La nne: kila nyumba iliambiwa kabla ya kidonge kutiwa, na kila nyumba ilikubali. Wachunguzi wako hawakuwaambia watu kwamba majibu yao yatafunga vituo. Tafuta neno la hilo katika maadili.

Orodha ya vifaa haimo, kwa sababu vifaa vinatumika.

Kuhusu nyumba yako, sijaingia, siwezi kusema. Wewe pia hujaingia. Umeingia sebuleni. Una vidonge kwenye dawati. Nenda jikoni kwako, Bwana Raphaël, siku moja ambayo mama watoto hakutazamii, kisha uniandikie tena.

Kulthumu Nuhu


Baraka, siku ya 19 Mwezi wa tatu 2024

Mama Kulthumu,

Hunijue. Mi ni Georgette, bibi ya Raphaël wa biro, mama ya batoto bake bane. Barua yako niliikuta ndani ya mufuko wa suruali yake wakati nilikuwa nafula nguo. Nimeisoma yote. Unisamehe, lakini karatasi ikiingia ndani ya maji yangu ya sabuni ni yangu. Hii nimeipa mama Constance, anakuya Kazimia kuchukua ndagala. Usimuambie Raphaël kama niliandika.

Nikuambie vile ilikuwa. Siku ya posho, Jumamosi, nilikuwa natwanga majani ya sombe. Mi naona bwana anaingia jikoni. Mama, tuko na miaka kumi na moja ya ndoa. Hii jikoni anaijua kwa harufu. Nikamuuliza: "Papa Clarisse, umepotea?" Alikuwa na kachupa mukononi.

Akasema: "Maji tunakunywaka iko wapi?"

Nikamuambia: "Iko kwa salon, pale inakuwaka."

Akasema: "Hapana. Yenye batoto banakunywaka."

Nikamuonyesha mutungi nyuma ya mulango. Akachota, akatia kidonge, akatikisa, akangoja. Maji ikabaki vile. Akamwaga, akatia kingine. Ikabaki vile. Nikamuambia: "Unangoja maji ikusalimie?" Akatia cha tatu. Mama, nilianza kumuonea huruma, halafu ikanipita.

Akaniuliza: "Tangu wakati gani?"

Nikamuambia: "Tangu ulinioa. Na weye pia unakunywaka hii. Ukitoka biro unaomba maji, mutoto wako Clarisse anakuletea, unafikiri anaitoa wapi? Ile ya salon ni ya Padiri na ya bakubwa ba biro."

Akakaa chini, kwa kale kakiti ka kupigia sombe, na suruali yake ya pasi. Akakaa pale. Bajirani bakapita, bakamuona, bakajua kuna kilio. Kesho yake siku ya yenga, tukitoka misa, alikataa maji yote, akakunywa fanta asubuhi mpaka magaribi, sawa mutoto wa arusi.

Siku ya kwanza, Jumatatu, alienda kazi. Ananitazama sawa mi ndiye niliweka ziwa pale iko.

Sasa mi nakuuliza, mama kwa mama. Nilifikiri ni mi peke yangu. Nikauliza mama mukwe, naye iko vile. Nikauliza bajirani, bote. Dawa kwa bageni, ziwa kwa batoto. Mwaka jana Clarisse aliugua siku sita, tulifikiri atakufa, na mi nilikuwa namukunywesha maji ya mutungi. Nani alitufundisha hivi? Sababu mama yangu hakunifundisha. Zamani maji ilikuwa moja tu.

Georgette


Kazimia, tarehe 23 Machi 2024

Mama Clarisse,

Salamu. Barua yako nimeipata na nimeichoma baada ya kuisoma, usiwe na wasiwasi.

Umeuliza nani aliwafundisha. Ni mimi.

Mwaka 2017, tulipofungua kituo cha kwanza hapa, tulihesabu bidoni nne kwa siku nzima. Watu walisema dawa inanuka hospitali, inafunga uzazi. Niliwaeleza habari ya vijidudu, wakasikiliza, wakaenda zao. Basi nikaacha vijidudu. Nilisimama uani mwa msikiti, kisha Arlette akanipeleka kanisani kwao, nikasema: "Mgeni akiharisha kwako, jina lako litatangulia kufika Baraka kabla yake. Mpe mgeni maji yenye dawa." Mwezi haukwisha, foleni ikafika mahali boti zinapofungwa. Biro ya Baraka iliyachukua maneno hayo, ikayaweka kwenye redio na kwenye mabango. Nilipewa cheti. Wewe uliyasikia redioni, nadhani, kama kila mtu.

Niliwauzia heshima ili wanunue maji. Wamenunua heshima, na heshima haikai jikoni.

Nyumba namba 58 katika orodha ya bwana yako ni yangu. Yasmina ndiye aliyeipima, mimi nikiwa kituoni. Sebuleni wekundu. Jikoni meupe. Mama mkwe anachota alfajiri, na mimi ninapotoka kituoni jioni nakunywa kilichopo. Miaka saba, msimamizi wa vituo.

Haya sikumwandikia bwana yako na sitamwandikia. Siyo aibu. Akiyapata, ataandika kwamba sababu ni maneno ya Kulthumu, atabadilisha bango, kisha atafunga vituo. Saa ya kufungua haitaguswa, na saa ndiyo inayoua. Bango jipya halichoti maji alfajiri.

Tuko kwenye Ramadhani, nyumba za Waislamu zinaamka kula daku na wanawake wanakwenda ziwani mapema zaidi. Siku nane zimebaki vituo kufungwa. Wiki hii wamelazwa watano. Bwana yako hajaniandikia. Sikuombi umwambie kitu. Nakuomba utie dawa kwenye mtungi wa nyuma, na ile ndoo ya sebuleni uiache tupu mpaka Pasaka. Padiri atanusurika.

Kulthumu


Baraka, tarehe 28 Machi 2024

Kwa Madamu Kulthumu Nuhu
Kuhusu: Marekebisho ya mbinu ya tathmini, na mambo yanayofuata

Madamu,

Biro imefanya majaribio ya ziada mjini Baraka, chini ya uongozi wangu mwenyewe, katika nyumba iliyochaguliwa bila upendeleo. Vidonge vitatu vilitumika ili kuondoa shaka. Majaribio hayo yameonyesha kwamba kipimo cha sehemu moja ya nyumba hakitoshi.

Kwa sababu hiyo nimebuni njia mpya, inayoitwa Mbinu ya Sehemu Mbili. Mpimaji ataongozana na mwanamke wa jirani, wataingia kwa mlango wa jikoni, watapima mtungi wa familia kwanza na maji ya wageni baadaye. Mbinu hii itafundishwa Baraka, Fizi na kwingineko, na nimeombwa kuiwasilisha katika warsha ya mwezi wa tano.

Takwimu ulizozipata bila idhini zimekubaliwa kama majaribio ya awali. Demande imefungwa.

Vituo vinne vya Kazimia havitafungwa. Kuanzia tarehe 1 Aprili vitafunguliwa saa kumi na nusu alfajiri.

Kwa upande mwingine, kulingana na mbinu mpya, Kazimia ina alama ishirini na saba kwa mia, ambayo ni ya chini kuliko zote katika eneo letu, kwa kuwa maeneo mengine hayajapimwa. Programu haiwezi kumwachia eneo kama hilo msimamizi aliyelifikisha hapo. Mkataba wako unaokwisha tarehe 31 Machi hautafanywa upya. Bwana Norbert, mmoja wa wachunguzi wetu, atakuja na boti ya Jumamosi na kupokea funguo kwako siku ya Jumatatu. Nilikueleza mapema kwamba alama ni yako.

Pokea, Madamu, salamu zangu za kikazi.

Raphaël Asukulu
Mkuu wa Ufuatiliaji na Tathmini


Kazimia, tarehe 2 Aprili 2024

Bwana Raphaël,

Hii ni taarifa ya makabidhiano, maana Bwana Norbert amesema lazima iandikwe na mimi.

Meza nne, miavuli minne, mmoja umevunjika mshikio. Sindano kumi na moja. Ndoo za dawa sita zimejaa, moja nusu. Vidonge ishirini na viwili. Funguo nne. Orodha uliyoingoja tangu Februari ndiyo hiyo.

Jana, Jumatatu, Bwana Norbert alifika kituo namba moja saa moja na dakika kumi, amenawa, amevaa gile. Aliuliza foleni iko wapi. Foleni ilikuwa imekwisha kupita. Funguo nilikuwa nazo bado, kwa hiyo tulifungua sisi saa kumi na nusu, Arlette kituo cha pili, Yasmina cha tatu, Élie akashika cha nne. Bidoni mia tatu na sita zilitiwa dawa kabla jua halijatoka. Siku za kawaida, mpaka mchana, zilikuwa hazifiki tisini.

Nilimkabidhi funguo mbele ya wanawake wa vituo na barua yako ikasomwa yote, kwa Kiswahili. Usomaji ulipofika kwenye maneno ya nyumba iliyochaguliwa bila upendeleo, mama Félicité aliuliza ni nyumba ya nani. Nilisema sijui.

Leo hakuna aliyejua kama Bwana Norbert ataamka. Saa kumi na dakika ishirini wanawake walikuwa wamepanga bidoni zao mchangani, na baadhi walisema tuvunje kufuli. Niliwaambia tungoje. Alikuja saa kumi na dakika arobaini na tano, shati nje, kiatu kimoja hakijafungwa, na kelele alizopigiwa sidhani amewahi kupigiwa Baraka. Alifungua. Akashika sindano, akatia dawa, na kipimo kilikuwa sawa, nilikitazama.

Mimi nilikuwa wa tisa kwenye foleni. Nilikuwa na bidoni tatu, akatia dawa zote tatu, akaniuliza jina aandike. Nikampa.

Kulthumu Nuhu
Nyumba namba 58